Vichujio vinne vimewekwa, taka bado zinaingia, na mgeni wa kweli amefungiwa nje

Swali: Assalaam alaykum ami. Naendesha seva ya barua pepe ya ofisi yetu hapa Chake Chake. Tuna nyumba ya wageni na boti za kupeleka watu kuzamia Misali, na wafanyakazi kumi na wanne wana anwani. Seva iko ofisini, ina Postfix ya kupokea na kutuma barua, Dovecot ya kutunza masanduku na Rspamd ya kuchuja taka. Juu yake nimeweka Postgrey ya kuwachelewesha watumaji wageni, ClamAV ya kukamata virusi na orodha tatu za anwani mbaya. Nimezuia barua zenye herufi za Kirusi na Kichina, nimeteremsha alama ya kukataa hadi 6, na kila jioni naufundisha mfumo kwa taka zilizopita. Kwa ajili ya umeme nimekodi seva ya akiba nje, ipokee barua tukiwa kizani. Bado zinaingia taka hamsini, sitini kwa siku, nyingine zinajifanya zimetoka kwa mkurugenzi wetu mwenyewe. Wiki iliyopita nimevunjika moyo kabisa: wakala wa Italia aliyetaka vyumba vinane vya Agosti alirudishiwa barua yake mara mbili, akatupigia simu kwa hasira. Nimekuwekea logi na mipangilio yote. Niongeze programu gani?

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimeipitia logi yako yote, siku kumi na moja, na jibu langu hutolipenda: usiongeze kitu. Utatoa vitu. Postgrey itoke, ClamAV itoke, orodha mbili kati ya tatu zitoke, seva ya akiba itoke, na hiyo marufuku ya herufi za kigeni itoke leo kabla ya Isha. Kisha turekebishe vichache vinavyobaki. Kimoja kati ya hivyo hakijakufanyia kazi hata siku moja tangu ukiweke, na logi imekuwa ikikwambia hivyo kila saa.

Nianze na huyo Mtaliano, kwa sababu ndani ya barua yake moja yamekusanyika maradhi karibu yote ya seva yako.

Rspamd haijiulizi kama barua ni taka au si taka. Inajumlisha alama. Kila dalili ina uzito wake, na mwisho jumla inapimwa kwenye mistari mitatu. Ukiisakinisha bila kuigusa, barua ikifika 4 inaambiwa irudi baadaye kidogo, ikifika 6 inapokewa lakini inatiwa alama ili iende folda ya Junk, na ikifika 15 inakataliwa mlangoni. Wewe umeushusha ule mstari wa 15 mpaka 6. Kwa maneno mengine umevunja chumba cha kati, kile ambacho barua yenye shaka inakaa mpaka mtu aitazame kwa macho. Kwako barua ama inaingia sebuleni, ama inafukuzwa barabarani.

Barua ya wakala ilipata 6.9. Nimezitenganisha alama zake moja moja. Haikuwa na maandishi ya kawaida ndani, HTML tupu. Kichwa cha habari chote kilikuwa herufi kubwa, maana Mtaliano anayetafuta vyumba vya Agosti ananadi kama yuko mnadani kwenye diko la samaki. Seva ya ofisi yake haitii saini ya DKIM, ule muhuri wa kuthibitisha barua imetoka kwa wenyewe. Vyote hivyo kwa pamoja havikufika hata 2. Zilizobaki, 5.1, zimetoka mahali pamoja: Bayes. Na 5.1 ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho Bayes ya Rspamd inaweza kutoa kwa mipangilio ya kawaida. Kichujio chako hakikuwa na wasiwasi na barua ile. Kilikuwa na yakini kuwa mtu anayeomba vyumba vinane ni tapeli.

Nani kakifundisha hivyo? Wewe, mwanangu, kila jioni.

Bayes limepewa jina la padri wa Kiingereza, Thomas Bayes, ambaye kanuni yake ilichapishwa 1763, yeye keshafariki. Kwenye barua pepe inafanya jambo jepesi: inahesabu kila neno limeonekana mara ngapi kwenye taka na mara ngapi kwenye barua nzuri, kisha barua mpya ikija inatazama maneno yake yamelalia upande gani. Haijui maana ya neno lolote. Inajua tu ulichoionyesha. Takwimu zako zinasema umeionyesha taka 3,900 na barua nzuri 214, na hizo 214 zote ni za ndani ya ofisi: zamu za boti, mafuta ya injini, mishahara, nani anakwenda Mkoani kupokea mizigo. Kwa Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Kitaliano pekee ambacho Bayes yako imewahi kukiona maishani ni cha matangazo ya taka. Kwa hiyo "buongiorno" kwake ni neno la tapeli, "camere" neno la tapeli, "agosto" neno la tapeli.

Na utaona kwa nini balaa limeanza juzi juzi. Rspamd haimpi Bayes nafasi ya kusema mpaka kila upande, taka na nzuri, ufike mifano 200. Kwa muda wote ulikuwa unamlisha na yeye amenyamaza. Ulivuka 200 za barua nzuri tarehe 3, akapata sauti, na tarehe 9 Mtaliano akafukuzwa.

Dawa yake: futa takwimu za Bayes ndani ya Redis, ghala inamozihifadhi, anza upya, na safari hii anza na barua nzuri. Watu wengi hujiuliza wazipate wapi. Mimi nina kipimo kimoja ambacho hakijaniangusha: barua yoyote ambayo mtu wa ofisi ameijibu ni barua nzuri. Nenda kwenye sanduku la mapokezi, la mhasibu, la nahodha, chukua zilizojibiwa za mwaka mzima. Utakuwa na Kitaliano, Kifaransa, Kijerumani, Kipolandi na hicho Kirusi ulichokipiga marufuku. Ziweke kwenye folda moja, zilishe kwa `rspamc learn_ham`. Kisha taka kwa idadi inayokaribiana nazo, mia tatu kwa mia tatu, mia tano kwa mia tano, si 3,900 kwa 214.

Hapa pana jambo la lugha yetu ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kukwambia. Neno la Kiingereza la kulipa lina sura tatu nne, basi. Kwetu sisi kuna nimelipa, tutalipa, hajalipwa, mmelipiwa, walipe, yaliyolipwa, na bado sijamaliza. Kwa kichujio kila moja ni neno jipya. Rspamd ina zana ya kukata viambishi ili maneno ya ukoo mmoja yahesabike pamoja, lakini zana hiyo inajua Kiingereza, Kitaliano, Kirusi na wenzao, Kiswahili haimo. Matokeo yake Bayes inajifunza Kiswahili polepole kuliko lugha nyingine, na mifano ya Kiswahili inatakiwa iwe mingi zaidi ili ipate picha. Kwa hilo, zile barua zako za zamu za boti usizitupe. Zirudishe ndani, ila zisiwe peke yake.

Utashawishika pia kuweka kanuni ya kuipunguzia alama kila barua ya Kiswahili, kwa hoja kwamba taka za Kiswahili kwenye barua pepe ni chache. Ni kweli ni chache. Matapeli wetu wanapenda simu, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Lakini yule mmoja atakayejisumbua kukuandikia kwa Kiswahili safi, akitaja jina la mhasibu wenu, ndiye hatari kuliko wote. Usimfungulie mlango kwa sababu ya lafudhi.

Baada ya hapo, kazi ya kufundisha iondoe mikononi mwako. Dovecot ina kiungo cha kuiamsha Sieve, lugha yake ya kanuni za barua, pale mtu anapohamisha barua: akiitia Junk, Rspamd inafundishwa taka, akiitoa Junk, inafundishwa nzuri. Hapo watu kumi na wanne watafundisha badala ya mmoja aliyechoka jioni. Lakini kaa nao kwanza, uwaeleze kuwa Junk si pipa la vitu vinavyoudhi. Nilikuwa na mhasibu mmoja, Mungu amuweke, aliyekuwa akitia Junk kila taarifa ya benki kwa sababu hataki kuiona kabla ya chakula cha mchana. Baada ya miezi miwili ofisi nzima ilikuwa haipati barua za benki na hakuna aliyejua kwa nini.

Kwenye mistari ya alama, rudisha ilivyokuwa:

reject = 15;
add_header = 6;
greylist = 4;

Folda ya Junk itazamwe kila asubuhi na mtu wa mapokezi, dakika tano, kahawa mkononi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hatopona kwa mgeni aliyefungiwa geti.

Sasa kile kitu ambacho hakijakufanyia kazi hata siku moja. Fungua logi yako utafute neno `DBL_BLOCKED_OPENRESOLVER`. Utalikuta karibu kwenye kila barua yenye kiungo ndani. Wewe umelichukulia kama pambo. Ni ujumbe, na unasema: "Tumekataa kukujibu."

Orodha za anwani mbaya, kama zile za Spamhaus, zinaulizwa kwa njia ya DNS, mfumo ule ule unaotafsiri majina ya mtandao kuwa anwani za namba. Seva yako ikiletewa barua na anwani fulani, inaigeuza anwani hiyo nyuma mbele, inaongeza jina la orodha mwishoni, na kuuliza. Jibu likija 127.0.0 na namba kati ya 2 na 11, anwani imo. Lisipokuja jibu, haimo. Huduma hii ni bure kwa watumiaji wadogo wasiouza kazi ya kuchuja, na ili wajue nani ni mdogo, wanatazama swali linatokea wapi. Seva yako imewekwa 8.8.8.8, ile ya umma ya Google, kuwa ndiyo ya kuulizia DNS. Kwa hiyo Spamhaus haikuoni wewe wa Chake Chake. Inaiona Google, yenye maswali ya dunia nzima, na inarudisha 127.255.255.254, yaani "umekuja kupitia seva ya umma, hatukuhudumii".

Jaribu mwenyewe sasa hivi, andika:

dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org

Hiyo ni anwani ya majaribio, imewekwa makusudi, na daima inapaswa kuonekana kuwa mbaya. Ukiona 127.0.0.2 na wenzake, uko salama. Ukiona 255 katikati, au usione kitu, orodha yako ni ukuta uliochorwa kwa chaki.

Sakinisha Unbound, programu ya kuulizia DNS, humo humo kwenye seva, uiambie seva iulize 127.0.0.1, yaani ijiulize yenyewe, na tafadhali usiiweke Unbound ipeleke maswali yake kwa 8.8.8.8, maana utakuwa umezunguka ukarudi pale pale. Iache iende yenyewe mpaka kwenye seva za mizizi ya DNS. Ni kazi ya robo saa. Kwenye seva ndogo ninazoziangalia, hatua hii peke yake huua zaidi ya nusu ya taka, na haina gharama.

Ushukuru kuwa Rspamd inazielewa hizo namba za 255 na kunyamaza. Kuna watu waliweka orodha moja kwa moja ndani ya Postfix bila kutaja namba wanazozikubali. Postfix ya namna hiyo ikipata jibu lolote inasema "ndiyo, mbaya", na inakataa barua za dunia nzima. Ndiyo sababu ukiweka orodha kwenye Postfix, andika namba zake wazi (postscreen ni bawabu wake, nitamfikia):

postscreen_dnsbl_sites = zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]*3
postscreen_dnsbl_threshold = 3
postscreen_dnsbl_action = enforce

Kuhusu hizo mbili nyingine: moja ni SORBS, ambayo imefungwa tangu 2024. Haikujibu, haikudhuru, inakupotezea muda tu. Lakini orodha iliyokufa si ya kuachwa. Miaka mingi nyuma niliacha moja kwenye mipangilio ya ofisi fulani Mjini kwa uvivu tu. Wenyewe waliokuwa wakiiendesha walichoka kuulizwa na watu kama mimi, wakaifanya ijibu "mbaya" kwa kila swali ili tujue imekufa. Nilijua baada ya siku mbili, pale bosi aliponiuliza kwa nini dunia imenyamaza. Ya tatu uliyoweka sijaona inakamata kitu ambacho Spamhaus haikikamati, kwa hiyo nayo itoke. Orodha moja unayoijua vizuri inatosha.

Twende mlangoni sasa. SMTP, itifaki inayosafirisha barua, imeandikwa 1982, na ina adabu moja ambayo mtu wa kwetu anaifahamu bila kusomeshwa. Mgeni akifika porti 25 haanzi kusema. Anasimama nje angoje mwenyeji aseme 220 na jina lake. Hiyo 220 ndiyo "karibu". Baada yake ndipo mgeni anajitambulisha kwa EHLO.

Kompyuta zilizotekwa na watuma taka hazina adabu hiyo, kwa sababu hazina muda. Zina milango maelfu ya kugonga kabla ya saa kuisha, basi zinasukuma mlango na kuanza kusema. Postfix, tangu toleo la 2.8 la mwaka 2011, ina bawabu anayeitwa postscreen anayeishi kwa kuwategea watu hawa. Anatoa nusu ya karibu, 220 inayofuatwa na kistari, maana yake "sijamaliza kusema", kisha ananyamaza sekunde sita. Seva ya kweli inangoja. Mhuni hangoji. Ukimwasha na kumwamuru akatae (`postscreen_greet_action = enforce`), kwenye logi utaanza kuona mistari kama huu:

PREGREET 14 after 0.15 from [...]: EHLO ylmf-pc\r\n

Huyo ameropoka baiti 14 baada ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla hajakaribishwa. Na jina lake, ylmf-pc, kila mwenye seva ya barua duniani ameshakutana nalo. Ni la programu ya kubahatisha nywila. Hajafika hata kwenye Rspamd. Hajala kumbukumbu yako wala umeme wako. Mwashe postscreen kwenye porti 25 peke yake. Usimweke kwenye 587, kwa sababu pale wanapita wafanyakazi wako na simu zao. Yale majaribio yake mengine ya baada ya 220 yaache yamezimwa. Yanawalazimisha hata wageni wema kwenda na kurudi.

Kwenda na kurudi ndiko kunakonileta kwa Postgrey. Wazo lake si baya: barua ya kwanza kutoka kwa mtu usiyemjua unaiambia "rudi baada ya dakika tano", na mhuni harudi. Lakini Postgrey inamwambia hivyo kila mgeni mpya, mwema na mbaya, na Rspamd ndani yake ina kazi ile ile, ila yenyewe inamwambia tu mwenye alama 4 kwenda juu. Wewe umeziweka zote mbili. Kuna barua kwenye logi yako zimeambiwa rudi na Postgrey, zikarudi, zikaambiwa rudi na Rspamd. Makampuni makubwa yanaporudi huweza kurudi kwa anwani nyingine ya IP, Postgrey ikaiona kuwa ni mgeni mpya tena. Namba ya siri ya kuingilia benki inayodumu dakika kumi inafika imeshakufa. Toa Postgrey, ubaki na ya Rspamd.

Zile barua za mkurugenzi bandia ni aina mbili, na umezichanganya. Aina ya kwanza inatumia anwani yake hasa, yenye kikoa chenu cha co.tz, ile sehemu ya baada ya @. Hili linawezekana kwa sababu barua pepe ni kama bahasha: nyuma yake mtu anaandika jina analolitaka. Rekodi yako ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, ipo, saini ya DKIM ipo na iko sawa, hongera kwa hilo, wengi wanaishindwa. Kilichokosekana ni DMARC, ile rekodi inayosema: barua inayodai imetoka kwetu na haipiti kwenye SPF wala DKIM ya kikoa chetu, ifanywe nini. Anza na `p=none` na anwani ya kupokelea ripoti. Soma ripoti hizo wiki tatu. Nakuambia wiki tatu kwa sababu nina hakika utagundua mfumo wa kuhifadhia nafasi za vyumba, ule wa kukodi, nao unatuma barua kwa jina lenu na hukuutia kwenye SPF. Ukishauingiza, panda `p=quarantine`, kisha `p=reject`. Zana hii itakusaidia pia kwa zile mnazotuma nje: tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na vyote vitatu, pamoja na DMARC, kwa wanaotuma kwa wingi, ambao Google inawahesabu kuanzia barua 5,000 kwa siku. Hamfiki huko, lakini barua zenu za uthibitisho zitaaminika zaidi.

Usije ukageuza hilo kuwa upanga, ukawakataa wote wasio na saini. Mtaliano wetu hana saini. Na watuma taka wengi siku hizi wanatia saini safi kabisa kwenye vikoa vyao walivyonunua jana. Saini inakwambia barua imetoka kwa nani, haikwambii ni mtu mwema.

Aina ya pili ya mkurugenzi bandia DMARC haimwoni kabisa. Anwani ni ya Gmail ya mtu yeyote, halali, imesainiwa vizuri; ila kwenye sehemu ya jina ameandika jina la mkurugenzi. Simu ya mhasibu inaonyesha jina tu, anwani imefichwa. Kwenye Rspamd unaweza kuweka kanuni: jina hili likija na anwani isiyokuwa ya kikoa chetu, ongeza alama 7. Itaangukia Junk, haitofukuzwa, kwa sababu siku moja mkurugenzi mwenyewe ataandika kutoka Gmail yake akiwa uwanja wa ndege. Na mwambie mhasibu jambo ambalo hakuna programu italifanya kwa niaba yake: akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua. Anapiga simu kwa namba aliyonayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua. Nimezisoma hizo barua ulizonitumia. Zote zinaanza kwa Kiingereza cha heshima nyingi. Mkurugenzi wenu, kwa zile chache za kweli nilizoziona, anaandika "Nipigie" na basi. Wafanyakazi wako wana kichujio hicho tayari vichwani mwao, waruhusu wakitumie.

Seva ya akiba. Najua uliiweka kwa nia njema. Lakini itazame tarehe 12: barua taka 57 zilizofika masandukuni, 31 zimepitia kule. Watuma taka wanaipenda seva ya akiba, wanakwenda huko makusudi hata ile kuu ikiwa hai, wakijua kwamba mara nyingi haina bawabu. Ya kwako haina bawabu, haina hata orodha ya nani yupo na nani hayupo ofisini kwenu. Inapokea kila kitu, inakuletea, na wewe umeiandika kwenye orodha ya wanaoaminika. Zile za majina yasiyokuwepo, ukizikataa, yeye anazirudisha kwa "mtumaji", ambaye ni mtu asiye na habari aliyeibiwa anwani. Hapo unakuwa mtuma taka na wewe.

Na haihitajiki. Umeme ukikatika asubuhi ukarudi usiku, barua hazipotei. Seva iliyotaka kukutumia inaiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Postfix kwa kawaida inang'ang'ania siku tano, na kanuni ya SMTP yenyewe inashauri siku nne hadi tano kabla ya kukata tamaa. Wa Unguja wanaokumbuka kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 watasema siku tano si kitu. Kweli, lakini kwa kiza cha namna ile unahamisha seva nzima, huwekei akiba. Pesa za kodi ya seva ile zinunulie betri na inveta.

ClamAV inakula zaidi ya gigabaiti moja ya kumbukumbu na mashine yako ina mbili. Logi inaonyesha imeuawa na kernel, kiini cha mfumo wa mashine, mara nne, na kila ikifa barua zinakwama nyuma yake. Badala yake kataa viambatisho vya .exe, .js, .vbs, .iso na ndugu zao. Nyumba ya wageni haina kazi navyo.

Hayo marufuku ya Kirusi na Kichina uliyatoa kwenye mwongozo wa mtu anayeishi mahali ambapo hakuna anayemwandikia kwa Kirusi. Wewe unauza vitanda na bahari kwa watu wa dunia nzima.

Jambo la mwisho kwenye mipangilio, dogo lakini nalipenda. Postfix ina kitu kinaitwa `smtpd_reject_footer`. Maneno utakayoyaandika hapo yanafuata kila barua inayokataliwa, yanamfikia aliyetuma. Andika kwa Kiingereza chepesi: barua yako imekataliwa na kichujio, kama umekosewa piga namba hii, na uweke namba ya mapokezi. Bawabu naye ana mahali pake, `postscreen_reject_footer`. Usipopagusa, anachukua maneno hayo hayo. Watuma taka hawasomi majibu. Wakala wa watu anasoma. Safari hii alikuwa na namba yenu kwenye karatasi ya zamani. Wa pili huenda hana.

Anza na Unbound usiku huu, halafu mistari ya alama, halafu Bayes. Postscreen mwashe Jumamosi, wakati ofisi imetulia, na ukae na logi mbele yako saa nzima. DMARC ije mwisho. Lakini kabla hujagusa chochote kati ya hivyo, mpigie yule Mtaliano. Vyumba vinane vya Agosti, na leo ni Jumanne.